Kinasa Sauti cha Kikundi: Pigeni Ngoma Kabla ya Kutoa Pesa



Vikundi kadhaa vya nyimbo na ngoma vimetuuliza swali moja: "Tumeweka pesa kidogo, tunataka mashine ya kunasa sauti zetu tukifanya mazoezi. Tununue gani?" Somo la leo ni la kuwajibu. Lakini nawaomba msiruke huu mwanzo mkakimbilia majina ya mashine. Mimi nilikimbilia mashine, na hasara yake naibeba mpaka leo.

Kosa langu mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natembelea kikundi kimoja upande wa Kakamega. Ni watu wa isukuti. Kwa wale wasioijua, isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho. Kuna ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kuna pembe ya swala na njuga za chuma, safu ya wanaume na safu ya wanawake, na mwimbaji mmoja anayewaongoza wote. Huchezwa harusini, mtoto akizaliwa, na pia matangani. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wanaoijua sawasawa wanazeeka na vijana wa kushika nafasi zao ni wachache.

Mwimbaji wa kikundi hiki alikuwa mzee aliyepita miaka 80. Nyimbo zilikuwa kichwani mwake tu, hazikuandikwa popote. Vijana walitaka mambo mawili: kwanza, wasikilize makosa yao baada ya mazoezi, pili, wajifunze maneno ya mzee pole pole, kila mtu kwa wakati wake. Walikuwa wameuza miche ya miti msimu mzima, wakanipa pesa wakasema, "Wewe unaenda Nairobi kila mwezi. Tununulie."

Nikaingia duka moja nikaomba kinasa sauti kizuri. Nikaonyeshwa kimoja chembamba, kinaingia mfukoni, eti waandishi wa habari na wanafunzi wa chuo wanakipenda sana. Nikakijaribu hapo hapo dukani: "Hallo, hallo, moja, mbili, tatu." Sauti ikatoka safi kabisa. Nikalipa.

Jumapili iliyofuata tukanasa kwa saa tatu. Jioni tukakaa kusikiliza. Ngoma kubwa ikipiga, kila kitu kingine kinazama. Ngoma ikinyamaza kidogo, sauti za watu zinaanza kupanda pole pole, na kabla hazijafika, ngoma inapiga tena na zinazama tena. Neno moja kati ya matatu ndilo lilisikika. Mzee alisikiliza kidogo akaniambia, "Kijana wangu, huyu si mimi. Huyu ni mtu anazama mtoni." Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Tukasema tutarudia. Ikaja mvua, watu wakaingia shambani, halafu mzee akaugua kifua. Aliishi zaidi ya mwaka mmoja baadaye lakini sauti ya kuimba haikurudi. Zile saa tatu ndizo tulizo nazo.

Mashine haikuwa mbovu

Nilimpelekea fundi mmoja wa redio ile mashine nikiwa na hasira, nikidhani nimeuziwa takataka. Akaisikiliza akasema ni nzima. Ilifanya tu kazi iliyotengenezewa.

Mashine za aina hiyo ni za kunasa maneno: mkutano, hotuba, mahojiano. Mkutanoni mwenyekiti ameketi karibu na anaongea kwa nguvu, mama aliye nyuma anaongea chini chini. Kwa hivyo ndani ya mashine kuna kitu kama mkono usioonekana unaoshika kifundo cha sauti. Ikija sauti kubwa unaipunguza, ikija sauti ndogo unaiongeza, ili wote wawili wasikike sawa. Kwa mkutano hiyo ni baraka. Kwa ngoma ni maafa. Mpigo mmoja ukitua, ule mkono unapunguza kila kitu pamoja na mwimbaji, halafu unachukua muda kurudisha. Ndiyo maana mzee alisikika kama anazama na kuibuka.

Tena mashine hizo nyingi hazijali sauti nzito za chini wala nyembamba sana za juu, kwa sababu maneno ya mtu hayazihitaji. Ngoma kubwa bila uzito wake inasikika kama mtu anagonga sanduku la mbao.

Sasa mmeona kwa nini "hallo, hallo" ya dukani ilinidanganya. Niliijaribu mashine kwa kazi isiyo yangu.

Anzeni na simu

Kabla ya kutoa hata shilingi, chukueni simu nzuri kuliko zote kikundini mkanase mazoezi mazima. Wekeni mbele ya waimbaji, hatua tatu au nne, juu ya kitu chenye nguo laini. Jioni sikilizeni kwa hedifoni, si kwa kile kispika kidogo cha simu, maana hicho hakiwezi kutoa sauti ya ngoma hata kama imenaswa.

Kama ninyi ni kwaya ya sauti tupu, bila ngoma, huenda mkaona simu inatosha. Mtasikia kama sauti ya pili inashuka, kama kuna mtu anamaliza mstari kabla ya wenzake, kama neno halitamkwi sawa. Basi msinunue kitu! Nunueni sare, au fulizeni kuweka pesa. Nasema hivi kwa sababu nimeona kwaya ikinunua mashine ya bei ghali kwa sababu kwaya jirani inayo.

Lakini mkiwa na ngoma, kayamba au vigelegele, mtasikia ule mkono unafanya kazi, kwa sababu simu nyingi zinao pia. Zingine zina programu zinazokubali kuuzima, zingine hazikubali. Jaribuni. Jambo jingine ni kwamba simu ni ya mtu. Ataitwa na wifi yake katikati ya wimbo, ataibadilisha, itaanguka majini, na nyimbo za kikundi zitaenda nayo. Na ile njia ya kushika kitufe cha WhatsApp na kutuma wimbo kama ujumbe wa sauti msiitegemee kwa kazi hii. Sauti inabanwa sana ili ipite haraka, na njia hiyo imelenga maongezi.

Mkifika dukani

Sasa tuseme simu imeshindwa na mmekubaliana kununua. Swali la kwanza kwa mwenye duka lisiwe bei. Mwulizeni: "Naweza kupanga kiwango cha sauti mwenyewe kwa mkono, na ule upangaji wa kujiendesha ukazimika kabisa?" Kama hajui, ombeni kitabu cha maelezo au wekeni mashine chini mwende duka la pili. Hili moja ndilo linatenganisha kinasa cha muziki na kinasa cha mkutano. Mengine yote yanafuata nyuma yake.

Vinasa vidogo vya muziki ambavyo watu wanavijua ni kama Zoom H1n, iliyotoka mwaka wa 2018, na Tascam DR-05X, iliyotoka 2019. Zote mbili zina vipaza sauti viwili kichwani, unaweza kupanga kiwango kwa mkono, zinatumia betri za kawaida na kadi ndogo ya kuchomoa, na zina tundu la hedifoni. Mkipata mojawapo ikiwa imetumika lakini ni nzima, si vibaya. Bei hubadilika na dola, kwa hivyo siandiki hapa. Ulizeni maduka matatu, na mjue tu kwamba hii si bei ya kuku. Mnazungumza habari ya mbuzi.

Aina mpya kidogo ni Zoom H1essential ya mwaka wa 2024. Hii haina hata kifundo cha kupanga kiwango, na bado nasema ni ya muziki. Inanasa kwa njia inayoitwa biti 32 floti. Maana yake ni kwamba inahifadhi sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa pamoja, bila mkono wa kupunguza na kuongeza, na wewe unapanga ukubwa baadaye kwenye kompyuta. Kwa kikundi kisicho na mtu mzoefu, hiyo inaondoa kosa moja kubwa. Pia ina sauti ya kumwongoza mtu asiyeona, ikitaja kinachofanyika. Kama kuna ndugu asiyeona kikundini, na mara nyingi ndiye mwenye sikio kuliko wote, anaweza kuwa mtunza mashine. Ubaya wake ni kwamba faili zake ni kubwa, na si kila simu inaweza kuzicheza. Kama hakuna mwenye kompyuta karibu nanyi, fikirini mara mbili.

Betri. Mashine yenye betri ya ndani isiyotoka inapendeza siku ya kwanza. Baada ya miaka michache betri inachoka, na fundi wa sokoni hana ya kuweka. Betri ndogo kama za rimoti au tochi zipo kila kibanda. Nunueni za alkali, kwa sababu zile za bei rahisi zaidi zinaweza kuisha katikati ya mazoezi. Kama mna sola, betri za kuchaji ni nzuri, lakini ingieni kwenye mipangilio ya mashine mwiambie ni betri za kuchaji, la sivyo itawaonyesha kwamba zimeisha kumbe bado.

Kadi. Hapa kuna hesabu kidogo, vumilieni. Kinasa kikinasa bila kubana, kwa ubora kama wa sidii, dakika moja inakula megabaiti 10 hivi, na saa moja kama 635. Kadi ya gigabaiti 32 itabeba karibu saa 50. Mkifanya mazoezi saa mbili kila wiki, hiyo ni karibu nusu mwaka. Mkichagua kubana kwa MP3 ya 128, saa moja inakula megabaiti 58 tu, na kadi ile ile inapita saa 500. Ushauri wangu ni huu: mazoezi ya kila wiki, ya kusikiliza na kufuta, naseni kwa MP3. Lakini siku mzee au mama mkongwe anaimba nyimbo zake, naseni bila kubana. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi.

Halafu kuna kadi za bandia. Imeandikwa 32, ndani yake ni nne. Mashine inaendelea kuonyesha inanasa, mkija kusikiliza hakuna kitu. Kadi mpya ijazwe yote kwanza na kelele yoyote ile, hata ya kuku uani, halafu sikilizeni ile faili ya mwisho. Kama ni nzima, futeni mwanze kazi.

Mahali pa kuweka mashine

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, hata wenye mashine nzuri. Masikio yako yanajua kuchagua. Ukiwa matangani unaweza kumsikiliza shangazi katikati ya kelele zote. Mashine haichagui, inachukua kilicho karibu. Kwa hivyo sogezeni karibu kile mnachotaka kusikia.

Kuna kanuni ya sauti inayosaidia sana. Mahali pa wazi, umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu ya sauti inayofika inabaki robo. Ukimweka mwimbaji mita 1 kutoka kwenye mashine na ngoma mita 4, ngoma imepunguzwa mara 16 kuliko kama ingekuwa pale aliposimama mwimbaji. Hakuna kifundo dukani kinachoweza kufanya hivyo! Laiti ningejua hili Jumapili ile. Mimi niliiweka mashine chini, katikati, karibu na ngoma kubwa, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli.

Basi mwimbaji na itikio wawe mbele, ngoma nyuma yao, mashine iwe juu kidogo kuliko vichwa, ikiwaangalia. Fungeni kwenye mti wa mwavuli au fito iliyosimikwa ardhini. Msiiweke mezani ambapo watu wanagonga, wala msiishike mkononi, maana vidole vinasikika kama panya wanatafuna.

Ndani ya nyumba ya saruji na mabati sauti inarudi kutoka kila ukuta, na ile hesabu ya umbali haifanyi kazi vizuri. Fungueni milango na madirisha, tundikeni mablanketi au leso ukutani. Chini ya mti ni bora zaidi kama hakuna upepo. Upepo ukivuma, hata ule mdogo wa saa nane, mashine inasikia ngurumo. Zipo kofia za manyoya za kuvalisha mashine, nazo zinafaa kununuliwa. Mvua ikinyesha juu ya mabati, zimeni mashine, wekeni chai.

Kupanga kiwango. Kwenye kioo cha mashine kuna namba zinazopanda hadi 0. Sufuri ndiyo dari. Ngoma ikigonga dari, sauti inapasuka na hakuna fundi wa kuirudisha kama ilivyokuwa. Waambieni wapigaji wapige kwa nguvu zao zote kwa dakika moja, na mpange mpaka ule mpigo mkubwa ufike karibu na -12. Usipite -6. Msiogope kwamba sauti inaonekana ndogo, mtaiongeza wakati wa kusikiliza. Na tahadhari: watu wakiombwa kujaribu, hupiga kwa adabu. Ngoma ikishapata moto, wanapiga mara mbili ya pale. Acheni nafasi.

Jina, nakala na mwenye mali

Mwaka wa 1950 mtu mmoja aitwaye Hugh Tracey alipita Kapkatet, nchi ya Wakipsigis, akanasa wasichana wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo ni la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, lililogeuzwa na ulimi wa Kikipsigis. Nyimbo hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka wa 1954. Ni mwaka wa 2014, miaka 64 baadaye, ndipo nakala zilianza kurudishwa kwa Wakipsigis. Ziliweza kurudi kwa sababu mahali, jamii na mwaka viliandikwa. Nyimbo zisizo na maandishi zingerudishwa kwa nani?

Kwa hivyo kabla ya kila wimbo mtu mmoja aseme ndani ya mashine: tarehe, kijiji, jina la wimbo, nani anaongoza, na wimbo ni wa shughuli gani. Dakika moja tu. Karatasi hupotea, lakini maneno haya yanakaa na wimbo daima. Faili zihamishwe zikae mahali pawili, kwa mfano kompyuta ya shule na kadi ya pili kwa mweka hazina. Kadi iliyo ndani ya mashine msiihesabu.

Na mwulizeni mzee kwanza. Kuna nyimbo haziimbwi mbele ya watoto, na nyingine za matanga hazipigwi ovyo redioni. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayoipa jamii haki ya kukubali au kukataa zitumiwe na wengine. Akija mgeni akiomba nakala ya nyimbo zenu, hata akiwa mkarimu, jibu litoke kikundini, liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Lisitoke kwa kijana anayetunza mashine peke yake.

Wale wa isukuti hatimaye walinunua kinasa cha pili, safari hii baada ya kupiga ngoma mbele yake uani kwa fundi. Anayeongoza sasa ni binti wa ndugu yake mzee, ambaye alikuwa safu ya itikio siku ile. Huwa anaketi na zile saa tatu mbovu, hedifoni masikioni, akirudisha nyuma, akirudisha nyuma. Amepata maneno ya nyimbo kumi na moja. Ya kumi na mbili ina mstari mmoja ambao ngoma imeufunika wote, naye huuimba kwa kunguruma tu mdomo umefungwa.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Katika kikundi chetu ni nani anajua nyimbo ambazo hakuna mwingine anazijua? Tutamwendea lini?

2. Tunataka kunasa ili tusikie makosa yetu, ama ili tuhifadhi? Je, simu tuliyo nayo imejaribiwa kwa kazi hiyo?

3. Mashine itakaa kwa nani, na ikiharibika nani atalipa? Andikeni jibu kabla ya kununua.

4. Zoezi: Naseni wimbo mmoja mara tatu, mashine ikiwa mita 1, mita 3 na mita 6 kutoka kwa mwimbaji, ngoma zikibaki pale pale. Sikilizeni pamoja. Ni wapi maneno yote yanasikika? Chimbeni shimo la fito pale.